Majini Mtu Hana Jina

Mbukwenyi. Na ninyi msiojua Kigogo, hamjambo. Kaeni vizuri, maana nikianza kusema sipendi mtu ainuke katikati kwenda kuangalia sufuria. Aliyeacha maharage jikoni aende sasa.

Mwenyekiti wetu, huyu dada wa Kondoa, aliniambia, "Bibi, zamu hii utoe ushuhuda wewe." Nikamwambia sina ushuhuda, nina makovu. Akasema, "Basi toa makovu." Haya, nayatoa. Lakini siyatoi ili mnionee huruma. Huruma kawape mbuzi wakati wa kiangazi. Nayatoa kwa sababu ya huyu mtoto aliyekaa karibu na mlango, mwenye kitenge cha kijani. Kikao kilichopita alituuliza swali, na sisi wajane wote humu tukatazama chini kama kuku walionyeshewa.

Mnakumbuka swali lake. Mumewe alipokufa, shemeji yake alikuja akang'oa mabati ya nyumba, akamwacha na watoto wanaangalia mbingu. Sasa huyo shemeji anaumwa, kalala huko Ihumwa, hana wa kumpa hata maji ya kunywa, na ametuma mtu: mwambieni aje anihudumie. Mtoto akauliza, niende, au nimwache afe? Mmoja wenu akasema samehe. Mwingine, sitamtazama, akasema mwache aoze. Mimi nilinyamaza, nikarudi zangu nyumbani Nzuguni nimenuna mpaka kuku wakaniogopa. Nilijua jibu ninalo, na sikutaka kulitoa, kwa sababu kulitoa ni lazima nipite kule nilikopita.

Majina sitaji. Iko sababu, mtaiona mbele.

Mnanijua kwa fimbo na kuku. Hamjui kwamba umri wangu wote nimeumalizia kwenye mitumbwi. Mgogo na mtumbwi! Chekeni tu. Hata baba yangu alicheka, kabla hajanipiga.

Kwetu ni huko lilipo bwawa la Mtera. Nilipokuwa binti hapakuwa na bwawa. Palikuwa na mto, migunga, mashamba ya mtama na zizi la baba. Tukaambiwa maji yatajaa, hameni. Baba akasema tangu lini maji yakamfukuza ng'ombe. Maji yakaja polepole, hayana haraka wala haya. Yakaingia shambani, yakaingia zizini, tukahamia juu tukitazama. Ile migunga ikafa imesimama. Mpaka leo vichwa vyake viko nje ya maji, na visivyoonekana ndivyo vinavyopasua mitumbwi.

Nyuma ya maji wakaja wavuvi kutoka huko na huko. Mmoja ndiye aliyekuwa mume wangu. Alikuja na tezo begani, lile shoka dogo la kuchongea mbao, na hakuwa na ng'ombe hata mmoja. Baba akasema, "Samaki ni nyoka aliyekosa miguu na akili. Huyu atalipa mahari kwa magamba?" Yule mtu aliunda mitumbwi ya watu mpaka akanunua ng'ombe, akawaleta mmoja mmoja, anamfunga mlangoni kwa baba na kuondoka. Mwisho baba alichoka kumtukana.

Kule mwaloni, pale mitumbwi inapoegeshwa, mwanamke hakutakiwa kukanyaga mtumbwi. Kazi yake kuparua samaki na kuanika. Mume wangu akanifundisha kwenye matete, watu wasipoona. Kushika kafi, kupandisha tanga tuliloshona kwa viroba vya mbolea, kuusoma upepo wa alasiri kabla haujafika. Na mimi nikamfundisha yeye. Maana nilijua chini ya yale maji pana nini. Hapa palikuwa njia ya kisimani, pita. Hapa palikuwa zizi la baba, nguzo zake bado zimesimama, usipite.

Na akanifundisha sheria moja ya wavuvi. Majini mtu hana jina. Mkishasukuma mtumbwi, humwiti mwenzio jina lake, unamwita "mwenzangu". Wengine walisema mamba akilisikia jina halisahau. Sijui. Ninachojua ni kwamba anayeita "mwenzangu" kutoka majini unamchukua kwanza. Humuulizi wa ukoo gani wala mna ugomvi gani. Mguu wake ukikanyaga nchi kavu, ndipo jina linamrudia, na yote yanayokwenda na hilo jina. Mvuvi aliyepita mtu majini hakupata tena wa kumsaidia kusukuma mtumbwi. Angeweza kukaa pale ufukweni mpaka mbao zioze.

Mtumbwi wetu wa kwanza ulikuwa gogo lililochongwa. Wa pili tuliuunda wenyewe kwa mbao, mimi nashika, yeye anagonga misumari, tukaziba kwa pamba na lami. Ulikuwa bado unakaushwa lami ufukweni siku aliyokufa. Tulitoka na lile gogo.

Sikilizeni. Kiboko hatoi taarifa. Maji yalikuwa shwari, mume wangu anavuta wavu, mimi niko nyuma na kafi. Mtumbwi ukainuka. Nikaona mdomo, mwekundu kwa ndani, mpana kama huo mlango, ukafunga katikati ya mtumbwi, na yeye alikuwa amekaa hapo katikati. Nilisikia kitu kinavunjika, sikujua kama ni gogo au mifupa. Hakupiga kelele. Alinitazama mara moja, kiboko akamtikisa kama mbwa anavyotikisa kitambaa, akamtupa, akamrudia. Maji yakawa na rangi ambayo mpaka leo sinunui kitenge chake.

Nilishika kichwa cha mgunga. Nilikaa juu ya ule mti mpaka jua likazunguka, miiba imeniingia mapajani, yule mnyama anapumua chini yangu. Wavuvi walinikuta nimeuma tawi. Ilibidi wanifungue meno.

Usiseme "pole", mama. Bado.

Tulizika tulichokipata. Matanga yalipoisha akaja shemeji yangu, mdogo wake marehemu. Alikuja na mkeka kwapani na kafi begani. Nadhani mnaelewa mkeka wa nini.

Akasema mbele ya watu, pale mwaloni, "Shemeji, nimekuja kuchukua vya kaka."

Nikamwambia, "Vya kaka yako tumevizika."

"Na huu mtumbwi?"

"Huu nimeushikia mbao kwa mikono hii. Ni wangu."

"Na wewe mwenyewe?"

"Mimi siyo chungu, kwamba mwenyewe akifa kinahamia jiko la jirani."

Watu wakacheka. Hapo ndipo nilipokosea hesabu, maana mwanaume akichekwa mbele ya wanaume wenzake hasikii tena. Alinipiga na ile kafi, upande wa ubapa kwanza, halafu upande wa ukingo. Meno haya, oneni, hapa mbele, nilimeza moja na lingine likabaki mchangani. Nilipoanguka aliendelea kwa miguu. Mbavu. Tumbo. Nilikuwa naona miguu ya wavuvi imesimama kuzunguka, miguu ninayoijua, ya watu waliokula samaki wangu, na hakuna mguu hata mmoja uliosogea. Nilimsikia mmoja anasema, "Hayo ni ya ndani ya ukoo." Mwingine akamjibu, "Na mdomo wake nao!"

Nilipoweza kusimama nikasema tena: mtumbwi ni wangu.

Akaenda dukani akarudi na mafuta ya taa. Ndugu zangu, mtumbwi mpya uliopakwa lami unaungua kama kibiriti. Alikaa juu ya jiwe akautazama mpaka ukawa mbavu nyeusi. Akaniambia, "Sasa tuone utakalia nini."

Nilianguka kweli. Nilikuwa naparua samaki wa watu, natema damu, watoto wangu wanalala kwenye kibanda cha matete. Na kila asubuhi, kabla sijawasha moto wa uji, nilinoa panga. Sikuwa na shamba. Nilinoa tu. Nilijua njia anayopita na mahali inapopinda.

Kulikuwa na mama mmoja aliyeuza pombe ya mtama pale juu ya mwalo. Mnene, mdomo kama wangu. Akaja akasimama ananitazama.

"Unanoa kila siku, utakata nani?"

Nikaendelea kunoa.

"Ukimkata utafungwa. Ukifungwa watoto wako watarithiwa na ukoo gani? Ukoo uleule. Utakuwa umewapelekea watoto mlangoni."

Nikamwambia aniache. Akasema, "Njoo uchukue kitu nyumbani kwangu."

Kilikuwa gogo la zamani, mtumbwi wa mvuvi fulani aliyehama, na mama huyu ameugeuza hori la kunyweshea mbuzi. Umepasuka, una kinyesi ndani.

"Huu wa mbuzi," nikasema.

"Mbuzi watakunywa kwenye beseni. Mbuzi hawana maringo kama wewe. Chukua."

Nikauziba kwa lami na vipande vya kandambili. Tanga nikashona la viroba, lenye viraka vingi kuliko kiroba chenyewe. Nikausukuma majini peke yangu, mchana kweupe, wanaume wote wakitazama. Wakanizomea. "Haya, bibi harusi wa kiboko!" Nikaenda. Nilitetemeka mpaka kafi ikawa inagonga ubao, nikaenda. Na panga lilikuwa miguuni.

Sasa siku yenyewe.

Ilikuwa alasiri, upepo umekuja kabla ya wakati wake, mawimbi yamesimama kama manyoya ya paka aliyekasirika. Wenye akili walikuwa wamesharudi. Mimi nilikuwa nyuma kwa sababu hori la mbuzi haliendi haraka. Nikasikia mtu anaita. Sauti inakuja na kukatika: "Mwenzangu! Mwenzangu!"

Ilitoka upande wa zizi la baba.

Nilijua njia ya kuingia pale, nikaingia. Mtumbwi umepinduka juu ya nguzo, tumbo juu. Mtu kakumbatia nguzo moja, wavu umemzunguka miguu. Mkono wake wa kushoto haukuwepo kuanzia kiwiko kwenda chini, na aliyeula alikuwa hajaondoka. Niliona mgongo wa mamba unapita kati ya nguzo, taratibu, kama ng'ombe wa baba walivyokuwa wanapita hapohapo kuingia zizini.

Yule mtu akageuza uso. Alikuwa yeye.

Ndugu zangu, nawaambia kweli mbele ya Mungu na mbele ya mwenyekiti: nilifurahi. Furaha ilinipanda kama pombe changa. Nikaweka kafi chini nikashika panga. Kumbe Mungu ameniletea mwenyewe, tena nusu ameshakatwa! Sikuhitaji hata kunyoosha mkono. Nilihitaji kukaa tu. Nilihitaji kufanya alichofanya siku ile, kukaa juu ya jiwe na kutazama.

Alinijua. Tulikuwa karibu kama mimi na huyu mama wa mbele. Angesema "shemeji", ningekaa. Angesema "nisamehe", ningekaa, na ningemjibu maneno mabaya wakati anazama. Alifungua mdomo, meno yanagongana, akasema, "Mwenzangu. Nichukue."

Basi.

Siyo kwamba moyo ulilainika. Msije mkaenda kusema bibi alilainika. Moyo ulikuwa jiwe. Lakini ile sheria nilifundishwa na mume wangu kwa mdomo wake, na ningeivunja pale, kiboko angekuwa amemuua mara ya pili. Nikasogeza mtumbwi. Mamba naye akasogea. Kichwa kilipotoka, lile panga nililolinoa kwa ajili ya mtu, nikampiga nalo mnyama, juu ya jicho, mpaka mkono ukafa ganzi. Akageuka, mkia ukapiga mtumbwi, maji yakaingia. Nikampiga tena. Nikakata wavu miguuni mwa yule mtu, nikamkata na yeye kidogo, sikuomba radhi. Nikamshika ukosi, nikamvuta akaanguka ndani kama gunia la chumvi iliyolowa.

Mtumbwi ukataka kuzama. Nikatupa nyavu zangu. Nikatupa samaki. Nikachana kanga niliyovaa, nikamfunga kigutu mpaka akalia. Nikampa kopo.

"Chota maji."

Akachota kwa mkono uliobaki. Mimi nikapandisha tanga. Viraka vilikuwa vinafumuka kimoja kimoja, upepo unalia kwenye matundu, yeye anachota na damu yake mwenyewe imo ndani ya kopo, mimi nimeshika kamba ya tanga kwa mkono mmoja na kafi ya usukani kwa mwingine. Nilikuwa nasubiri ardhi. Sijawahi kuisubiri ardhi namna ile.

Mwaloni walikuwa wamejaa. Wakaingia majini hadi magotini kumpokea. Nikapaza sauti, "Msimbebe! Akanyage."

Akakanyaga. Mguu mmoja, halafu wa pili.

Hapo nikamwita. Jina lake, na la baba yake, na la babu yake, yote matatu, kwa sauti iliyofika kwa mama wa pombe kule juu. Nikasema, "Fulani wa fulani, ulinipiga mahali hapa, hawa wakiona. Ulichoma mtumbwi wangu mahali hapa, hawa wakiona. Jibu."

Mzee mmoja akasema, "Mama, huoni mtu anakufa?"

"Hafi. Na akifa, afe ameshajibu."

Halafu yule mama wa pombe akashuka, amejifunga kanga kiunoni, akaja akasimama upande wangu. Akaja mparuaji mmoja, kisu bado mkononi kimejaa magamba. Akaja mwingine. Wale wanawake walisimama nyuma yangu bila mtu kuwaita, na safari hii miguu ndiyo iliyosogea.

Yule mtu alikuwa mweupe kama majivu. Akasema, "Nilikupiga. Nilichoma. Mtumbwi ulikuwa wako."

Nikasema, "Sasa mbebeni."

Mnunuzi wa samaki akamwaga barafu yake, akamlaza kwenye pikapu, akamkimbiza hospitali. Akapona. Na alipopona nikampeleka baraza la kijiji. Ndiyo! Mbona mnanung'unika? Mtu niliyemtoa mdomoni mwa mamba nikampeleka barazani akiwa na kigutu chake. Baraza likasema amwundie mtumbwi aliyemchomea. Watu wakasema ni ukatili, ataunda vipi na mkono mmoja. Nikasema mimi ninayo mikono miwili, nitashika mbao.

Nikashika. Alikuja kila asubuhi, nikampa tezo ya kaka yake, niliyokuwa nimeitunza. Mimi nashika, yeye anagonga.

"Shika sawa, shemeji."

"Nimeshika. Wewe gonga msumari, usigonge kidole changu."

"Msumari umepinda."

"Uliyepinda ni wewe."

Hatukuwa marafiki. Hakunirithi, wala hakuleta tena mkeka. Lakini siku tulipousukuma ule mtumbwi majini, wanaume waliojua kusema "ya ndani ya ukoo" walikuja kusukuma, na hakuna aliyezomea. Ule mtumbwi ulilea watoto wangu. Ukapasuka uzeeni, nikaunda mwingine, na baada yake mwingine, mpaka magoti yalipokataa na binti yangu akanileta huku kwenye vumbi kufuga kuku. Mtumbwi wa mwisho nimemwachia mwanamke, na anausukuma mchana.

Yule mtu ameshakufa, kitandani, kwa maradhi ya kawaida. Nilikuwepo mazikoni. Jina lake silisemi hapa, na sasa mnajua sababu. Nililitamka siku ile mahali pake, akalijibu, akalilipa kwa mkono wake mmoja. Nikilitaja tena leo nitakuwa namdai alichokwisha kulipa.

Nimshukuru Mungu, ambaye mamba na kiboko ni wake na mimi pia ni wake. Nimshukuru mama wa pombe, aliyewanywesha mbuzi kwenye beseni ili mimi nipate hori. Nawashukuru waparuaji waliosimama nyuma yangu. Namshukuru yule wa barafu. Na mume wangu, kwa ile sheria.

Sasa wewe mtoto wa kitenge cha kijani, inuka nikuone.

Umeuliza uende au umwache. Huyo shemeji yako yuko majini. Nenda Ihumwa kesho. Mpikie uji, mwogeshe, mgeuze upande. Asipokuomba msamaha usimdai. Mgonjwa hana jina. Wala usimwambie umemsamehe kama hujamsamehe, uongo haumponyi mtu. Mlishe tu.

Halafu siku atakayosimama kwa miguu yake akatoka nje ya mlango, umwite. Jina lake, la baba yake, la babu yake, mbele ya majirani. Umuulize mabati yako.

Na usiende peke yako siku hiyo. Haya, ninyi mlioniitikia muda wote huu: nani anasimama nyuma yake?

Sitaki amina. Nataka kuona miguu.